Mume Wangu Yuko Safarini

Kabla ya kunikabidhi funguo za nyumba ya Kagarama, huku kwa Wanyarwanda, mwenye nyumba aliniuliza swali moja tu: "Mama, nyumbani mutakuwa wangapi?" Nikamjibu, "Wawili. Mume wangu yuko safarini." Wakati huo mume wangu alikuwa kaburini, kwetu Tanga, na mimi nilikuwa nimetoka kumkalia eda nyumbani kwa mama yangu. Sikuwa nimepanga kusema uongo. Maneno yalitoka yenyewe, na yalipokwisha kutoka sikuwa na nguvu ya kuyarudisha.

Nyamirambo, mtaa tuliokuwa tukiishi naye, nilihama makusudi. Kule kila mwenye duka alimjua marehemu, na nilipewa pole barabara nzima mpaka nikawa nakunja uso kabla mtu hajafungua mdomo. Kagarama hakuna aliyenijua, nikaona nitapumua. Kumbe nimejitafutia balaa, maana majirani wa huku ni watu wapole, na mtu mpole atakuulizia mumeo kila siku ya Mungu.

Aliyeniandama zaidi ni mama wa nyumba ya pili, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura.

"Dada, mzee bado iko Mombasa?"

"Bado."

"Umwambie huku mvua imeanza. Abebe koti."

Nitamwambia, nikasema, nikafunga geti na kusonya nikiwa upande wa ndani. Mombasa ilipozidi kuwa ndefu nikampeleka Lubumbashi. Nikaanika shati lake uani ili lionekane. Kazini Kimihurura, ninakoshughulikia karatasi za mizigo inayotoka Dar, nilikaa mbele ya kompyuta kama gogo. Jioni nilikula mkate na chai, nikalala na nguo za ofisini. Kulia sikulia. Mtu aliye safarini utamliliaje?

Ndipo mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, akapita nyumba kwa nyumba kutukumbusha umuganda. Hiyo ni kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi: asubuhi maduka yanafungwa, watu wanatoka na majembe, na kazi ikiisha wanakaa mkutano. "Wageni watasimama wajitambulishe," alisema. Kisha akatabasamu. "Na mzee naye aje. Tunataka kumujua."

Wiki ile sikuwa mtu. Nilifikiria kujifanya mgonjwa. Nilifikiria kupanda basi la Tanzania. Nilifika hata mahali pa kutunga kwamba mume wangu ameniacha, kapata mwanamke Lubumbashi, na nilikuwa naosha vyombo nikimpangia huyo mwanamke sura na umri. Nikashtuka. Yaani nilikuwa tayari kumsingizia maiti uzinzi ili nisiseme tu kwamba amekufa.

Jumamosi nilikwenda. Tulipewa mtaro ulioziba kwa matope. Nilichagua kona ya mwisho, mbali na yule jirani, nikaanza kulima kwa hasira. Jembe likagonga jiwe, nikalitukana jiwe. Halafu nikasikia mwenyewe ninachonong'ona: "Na wewe nawe, kurudi hurudi." Nilikuwa nasema na mume wangu.

Nikasimama pale na matope magotini. Ilinijia wazi kwamba miezi yote hii nilikuwa nimemkasirikia kama mke anavyomkasirikia mume aliyechelewa. Nilimnunia kwa kutopiga simu. Nilimnunia kwa kuniachia nyumba, mvua, bili ya umeme. Niliita uongo ule kinga dhidi ya majirani, kumbe aliyedanganywa zaidi ni mimi, na nilikuwa nimeuamini. Kama ningeendelea hivyo ningezeeka nikimsubiri, na kila siku ningekuwa na sababu mpya ya kumchukia. Nilimpenda sana yule mwanamume. Sikutaka kumchukia.

Mkutano ulikaliwa kwenye majani, juu kidogo ya mtaro. Mkuu alisoma mambo ya takataka, ya ulinzi, ya watoto wasiokwenda shule, na kila alipomaliza jambo nilidhani zamu yangu imefika. Mwishowe akanitazama.

"Mama wa Tanzania. Simama tukujue. Nyumbani muko wangapi? Na mzee iko wapi?"

Nikasimama. Jirani yangu alikuwa akinitikisia kichwa kunipa moyo, maskini, akidhani naona haya tu.

"Niko peke yangu," nikasema. "Mume wangu amekufa. Alikuwa amekufa kabla sijahamia hapa."

Hakuna aliyetoa sauti. Mkuu akavua kofia. "Wihangane, Mama," akasema, pole yao hiyo, kisha akaendelea na habari za mtaro.

Basi? Kwetu Tanga wanawake wangekuwa wamenirukia kwa vilio, na hapa nimepewa neno moja, tukarudi kwenye matope! Nilikwenda nyumbani bila kumuaga mtu, nikalibamiza geti.

Alasiri likagongwa. Nikafungua nikijiandaa kuitwa mwongo. Nje walisimama watu kama nusu ya mkutano, wameoga, wamevaa nguo za kutokea. Walikuwa na viti vya plastiki na makreti ya fanta. Mbele yao alikuwa jirani yangu, macho mekundu.

"Tumekuja kukufata mgongo," alisema. "Hapa mtu akifiwa, watu wanakuja kukaa naye."

"Lakini ni miezi imepita, dada yangu. Matanga yalishakwisha."

"Sisi tumesikia leo," akanijibu. "Kwetu amekufa leo."

Wakapanga viti sebuleni na kukaa. Hawakulia wala hawakuhubiri. Walikunywa fanta taratibu, na kimya chao safari hii hakikuniudhi. Baada ya muda jirani yangu akaniuliza mume wangu alikuwa mtu wa namna gani.

Nikawaambia jina lake. Nikawaambia alikuwa akikoroma mpaka vikombe vinalia kabatini, na kwamba hakupata kuchelewa kurudi nyumbani bila kupiga simu, hata mara moja. Hapo nikashindwa. Nililia kwa sauti ya kwetu, ile ya kusikika mtaa wa pili, mbele ya watu ambao desturi yao ni kulia kimyakimya, na hakuna hata mmoja aliyeniambia ninyamaze.