Pistoni ya Injini Iliyoozeshwa

Kaka yangu alipoondoka mji wetu wa Likasi, aliacha pikipiki nyuma ya nyumba, chini ya turubai, injini imefunguliwa. Ilikuwa pikipiki ya zamani ya Kibelgiji, kuukuu kuliko sisi wote wawili, na jina la kiwanda lilikuwa limefutika kwenye tangi. Pistoni ilipasuka wakati akijiandaa kusafiri, akasema ataitafutia nyingine akirudi. Alikuwa mkereza vyuma kiwandani. Mshahara ulipokoma kabisa, alipanda lori la kwenda mpakani, Zambia na mbele ya Zambia, na tangu hapo hatukupata hata salamu ya mdomo.

Mama hakulia mbele yangu. Alinikataza tu nisilale kwenye kitanda cha kaka, ingawa mimi nililala kwenye mkeka na kitanda kilikaa bure. Tulikuwa tumebaki wawili katika nyumba ile.

Ndipo shule ya misheni kule Mulungwishi iliponiita nifundishe hesabu, na chumba cha kuishi wakaahidi. Nilimpa mama habari nikicheka. Akaweka chungio la unga chini.

"Weye pia unaenda?"

Nikasema nitafundisha kule lakini nitalala hapa, kila siku. Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Kwa kitu gani? Teksi-basi iliondoka ikipata mafuta na kurudi ikipenda. Kwa baiskeli ningefika darasani nikiwa wa kubebwa. Ilibaki ile maiti chini ya turubai. Ama ifufuke, ama nihamie misheni na mama abaki peke yake na kitanda kitupu cha kaka.

Nilifanya kama mtu yeyote mwenye akili: nikakwangua matope kwenye tumbo la injini, lile kasha la chini, nikasoma namba iliyogongwa pale, nikashuka nayo sokoni Kikula. Kulikuwa na mzee mmoja Muislamu, wazazi wake walitoka Maniema, aliyetandaza vipuri vya mashine chini, kila kimoja kimepakwa grisi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Aliirudia namba yangu kwa sauti ndogo, akachimba ndani ya sanduku.

"Mama, uko na bahati. Hii pistoni njo yenyewe ya ile motere. Ya wakati ya Babelgi."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Nilichukua pini nene iliyokuja na pistoni, ya kuishika kwenye mkono wa injini, nikaisukuma katika jicho la mkono huo. Ikakataa. Nikaipaka mafuta, ikakataa. Nikamtukana mzee wa watu moyoni, yeye na sanduku lake. Kisha nikafuta jicho la ule mkono kwa kitambaa, nikaona ndani yake pete ya shaba nyekundu iliyoiva, imekazwa vizuri. Pete ile haikutoka Ulaya. Ukingo wake ulikuwa na mikwaruzo ya tupa, yote imelala upande mmoja, kwa sababu kaka alikuwa mtu wa mkono wa kushoto.

Niliketi pale chini nikacheka. Nilikuwa na hamu naye sana. Nilitaka aje aninyang'anye pini mkononi na kuniambia nimekaa vibaya.

Maana nilikumbuka sasa. Likasi ya miaka ile, mashine haikuzikwa. Pampu, cherehani, lori: ukiwa na mbili zilizokufa unaziozesha, moja inaishi. Mafundi walisema hivyo hivyo, kuozesha, na walitaniana upande gani ulipe mahari. Kaka alikuwa ameozesha pikipiki mbili. Tumbo la moja, silinda ya nyingine, na pete ile aliikereza ili wawili hao wakubaliane. Namba haikudanganya, ilisema habari za tumbo peke yake. Mimi na mzee tulikuwa tumemuuliza bibi harusi ukoo wa bwana.

Kesho yake niliweka silinda ndani ya beseni, pamoja na pini ya zamani na pistoni iliyopasuka, nikajitwisha. Silinda ni chuma cha kweli, shingo yangu ilijua. Lakini ng'ombe haelemewi na nundu yake. Njiani wanawake waliniuliza ninauza nini, nikajibu mihogo, wakataka kuonja.

Mzee aliponiona na beseni kama muuza ugali, akapiga makofi.

"Unaniletea bukari ya chuma?"

"Papa, ni ndoa. Juu na chini si ya pikipiki moja."

Hakubisha. Alisugua silinda kwa kidole chenye mafuta, akaanza kuijaribishia pistoni moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilipita ndani na kuanguka chini kama embe. Nyingine hazikuingia hata kichwa. Jua lilikuwa limeshainama alipofungua gazeti kuukuu na kutoa moja ya kijivu. Aliiachia mdomoni mwa silinda, nayo ikashuka yenyewe, polepole, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Pini ya kaka ikaingia katika tundu lake bila nyundo.

"Beba, mama. Imekwisha."

"Bado, papa. Kimo."

Nikaisimamisha kando ya ile iliyopasuka juu ya kreti, nikapitisha pini kwenye zote mbili, nikalaza rula juu ya vichwa. Ikizidi kimo, kidogo tu, itagonga juu na kuvunja kila kitu. Rula ililala sawa.

"Weye mwana uko kichwa nguvu! Nani alikufundisha?"

"Yaya yangu," nikasema, yaani kaka.

"Iko wapi?"

"Alienda."

Pale sokoni karibu kila mtu alikuwa na mtu wake aliyekwenda. Tukaelewana bei, akanifungia pistoni katika gazeti lilelile.

Kufunga injini kulinichukua muda, maana nilifungua mara mbili nilichokwisha kufunga, na gasketi niliikata kwenye katoni ya sabuni. Alasiri moja nikamimina petroli ya chupa na kupiga kiki mpaka paja likatetemeka. Mara ikakohoa. Mara ikashika, dug-dug-dug, sauti nzito ileile iliyokuwa ikiingia uani kwetu saa za kaka kutoka kazini.

Nilikuwa napiga kelele kwa furaha mama alipotoka jikoni mbio, unga mpaka kwenye viwiko. Hakunitazama. Alikimbia moja kwa moja hadi barabarani, akaangalia upande huu, akaangalia upande ule. Kisha akageuka, akaniona nimekaa juu ya pikipiki.

"Ah," akasema. "Kumbe njo weye."

Akarudi jikoni. Nilizima injini, na furaha yangu yote ikazimika nayo.

Nilikwenda Mulungwishi kama nilivyoahidi, na jioni nililala nyumbani. Lakini kila asubuhi niliisukuma pikipiki hadi mwisho wa njia yetu, kupita nyumba ya mwisho, ndipo nikaiwasha. Jioni niliizima palepale nikaja nikiisukuma, jasho likinitoka. Majirani walisema imekufa tena. Niliwaacha waseme. Nilidhani mama hajui.

Msimu wa mvua ulipoanza, njia ikawa tope. Asubuhi moja nilikuwa nasukuma, viatu vimezama, mama akanifuata na kushika usukani.

"Unasukuma juu ya sababu gani?"

Nikajaribu kuendelea kusukuma; hakuachia usukani.

"Washa hapa."

"Mama..."

"Minajua si yeye. Mutoto wangu minamujua. Washa, minapenda kuisikia."

Nikapiga kiki. Ikashika upesi. Mama aliweka kiganja juu ya tangi na kukiacha pale, na sikuweka gia mpaka alipokitoa mwenyewe.