Shosho Alimkataa Binti Yangu, Sasa Anataka Abebe Jina Lake

Naomba jina langu msilitaje popote, kwa sababu mabinti wa mama mkwe wangu wako kwa hii page. Niko na miaka ishirini na tisa, nimetoka Kakamega, nimeolewa na Mkikuyu na tunakodi nyumba hapa Kitengela. Mama yake, ambaye sasa ni shosho, yaani nyanya ya mtoto wangu, anafuga kuku Isinya. Nilipopata mimba yangu ya kwanza alikuja kukaa na sisi, eti anisaidie.

Miezi ikiwa imeenda sana, nesi wa kliniki alinipima tumbo, kisha akapima tena. Akaniambia, "Mama, mtoto haongezeki vile anafaa, na presha yako imepanda. Nenda skani wiki hii."

Nilifika nyumbani nikawaambia. Mama mkwe hata hakuacha kukata sukuma wiki. Alimwambia mume wangu, "Hao wanatafuta tu mtu wa kupasua. Mimi nilikubeba na tumbo dogo hivyo hivyo." Nilipong'ang'ania, mume wangu akaniambia nisimkosee mama yake heshima. Skani sikuenda. Na kwa meza huyo mama alikuwa ananipunguzia chakula, anasema mtoto akinenepa nitashindwa kumzaa.

Nilijifungulia hospitali moja huko Kajiado. Msichana, miezi yake imetimia, lakini hakufika kilo mbili. Ngozi ilikuwa imelegea kama nguo aliyoazimwa. Daktari alituambia kondo la nyuma halikuwa linampelekea chakula na hewa ya kutosha, na tungekuja mapema wangemfuatilia, pengine wangemtoa mapema. Sukari yake ikashuka, akaanza kutetemeka mikononi mwangu. Mwili ulikuwa unapoa haraka, na hakuwa na nguvu ya kunyonya, kwa hivyo alilishwa kwa mpira kupitia pua. Nilimfunga kifuani ngozi kwa ngozi, nikawa naogopa hata kukohoa.

Kwa mila yao, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Mama mkwe alikuja na wamama wawili wa kanisa lake, akamchungulia, akasema nikisikia, "Haka kapanya hakawezi kubeba jina langu. Wakikazika watakuwa wamenizika mimi." Halafu akaenda Isinya akaambia watu kwao hakuzaliwangi watoto hivyo, labda hiyo mimba nilitoka nayo kwingine. Mume wangu alikuwa amesimama hapo kando ya kitanda siku hiyo. Aliangalia viatu vyake.

Msichana wangu hakufa. Sasa anakaribia mwaka. Bado ni mdogo, alichelewa kukaa, na daktari anaendelea kumwangalia vile anakua. Lakini anacheka, na uji anamaliza.

Mama mkwe naye amebadilika. Jumapili ijayo mtoto ataombewa na kupewa jina rasmi kanisani kwao, na ameshaambia kila mtu kuna mjukuu anabeba jina lake. Wamama wote wa chama chake cha kuweka akiba wameshona nguo za kufanana. Alinipigia simu akasema, "Tusahau yaliyopita. Huyu mtoto tumefanana hata macho."

Nikamjibu, "Sawa mama. Njoo na watu wako wote."

Hajui mpango wangu. Pastor akiuliza jina, nitataja la mama yangu mzazi. Halafu nitaeleza kwa nini, kwa maneno yale yale aliyosema hospitalini. Nimekuwa nikijifunza kuyasema kwa Kikuyu, ndio asipatikane mtu wa kusema hakuelewa.

Mume wangu amegundua na kila siku ananiomba niache. "Utamwaibisha mama mbele ya kanisa." Nilimwambia mama yake alimzika mtoto wangu akiwa bado anapumua, na yeye akiwa hapo hapo hakumtetea.

Kilichonitatiza ni mama yangu. Nilidhani atafurahi. Nilipompigia simu kumwambia, akasema, "Nipe hilo jina kama unanipenda. Usilitumie kupigana."

Wale hawajawahi kushika mtoto akitetemeka, tafadhali msinifundishe kusamehe. Lakini nyinyi wengine, mkiwa mmesimama hapo mbele na mtoto mkononi, huyo mama mkwe anatabasamu kwa kiti cha kwanza na pastor ameuliza jina, mngesema nini?