Mfereji wa Nyumba Tisa

Nyumba tisa zimepangana moja chini ya nyingine kwenye mteremko wa Kadutu, na hakuna hata moja iliyoacha njia ya maji ya mvua. Kila mwenye nyumba humtupia maji jirani wa chini. Nyumba ya mwisho, isiyo na wa kumtupia, ni ya Murhula.

Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, fundi mwashi huyo wa miaka hamsini na miwili amesimama ndani ya mfereji, anapanga mawe. Majirani wanapokezana mawe hayo kwa mikono. Wawili wanabishana nani amechelewa kufika.

"Miaka makumi tatu najengea batu kuta," anasema bila kuinua kichwa. "Ukuta haibishanaka. Batu ndiyo banabishana."

Akipata kazi, hulipwa dola kumi kwa siku, na mwezi mzuri una siku kumi na tano. Hapa halipwi kitu. Ni salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi.

Alipoitisha mkutano wa kwanza mwezi Juni, alitaka jambo moja tu: maji yasiingie tena chumba cha nyuma, anamolala mama yake mwenye miaka themanini na mmoja. Aliwaeleza majirani kwamba mfereji huanzia chini, pale maji yatakapotokea, kisha hupanda. Ukianzia juu unayakusanya maji yote na kumwachia asiye na mfereji. Kila mwashi analijua hilo.

Hawakumwamini, kwa sababu chini ni kwake.

Ulrich, fundi wa simu anayekaa nyumba ya tano, alimwambia mbele ya wote: "Papa Murhula, weye iko mujanja. Tuanze kwako, tumalize kwako, kisha weye unaenda kulala."

Watu wakacheka. Wakapiga kura, wanane dhidi ya mmoja: kazi ianzie juu, kila mtu achimbe kwake.

Choo cha Ulrich kilikuwa katikati ya njia. Akataka mfereji ukizunguke. Murhula akamjibu kwamba maji hayakati kona kwa heshima ya choo. Mikutano miwili iliishia hapo hapo, kwenye choo, na Ulrich akachimba kwake akikizunguka.

Katikati ya Septemba viwanja sita vya juu vilikuwa vimechimbwa, vitatu vya chini bado. Jumanne alasiri mvua ikanyesha. Maji ambayo zamani yalitawanyika kwenye bustani yakashuka kwa pamoja. Majirani walimtoa mama yake Murhula akiwa amekaa kwenye kiti. Hazikupita dakika kumi, chumba chake kikaanguka, kitanda kikiwa ndani.

Kesho yake walikusanyika bila kuitwa, wakaanza kulaumiana. Murhula alikuwa anachomoa mbao kwenye tope.

Aliyewanyamazisha ni Consolate, muuza maandazi wa nyumba ya kwanza kule juu, ambaye naye alipiga kura pamoja na wengine.

"Tuliogopa Papa Murhula atatumia mikono yetu," alisema. "Basi hakuna mutu atachimba kwake. Kila mutu achimbe kwa jirani wa chini, kule anatupaka maji yake. Na ule wa chini asimame aangalie kazi."

Wakakubali. Kazi ikaanza upya kutoka chini. Murhula alichimba njia ya kutokea maji hadi barabarani, na jirani wa nyumba ya nane akachimba kwa Murhula, huku Murhula akimsimamia. Mwanamume mmoja aligundua, jembe likiwa mkononi, kwamba maji ya jiko lake yalikuwa yanaingia chini ya kitanda cha jirani. Zamu ya kiwanja cha Ulrich ilipofika, jirani wake wa juu alisimama mbele ya choo akasubiri. Ulrich alikibomoa mwenyewe.

Leo wanaweka mawe ya mwisho. Ukimuuliza Murhula kama amefurahi, anakasirika.

"Nifurahi nini? Kitu nilisema mwezi wa sita, banakifanya mwezi wa kumi na moja."

Anakusudia kukijenga upya chumba mwezi Januari. Mama yake yuko Nyantende kwa binti yake, na ametuma ujumbe kwamba hatarudi mpaka asikie mvua za msimu mzima zimepita salama.

Mfereji una urefu wa mita sitini na nne. Umechukua mikutano saba, Jumamosi kumi na tisa, migomba sita iliyokuwa njiani, choo kimoja, kitanda kimoja, na chumba ambamo mama mzee alilala miaka ishirini na mitatu.