Sauti Iliyotangulia Gari

Tulikuwa tumeshaliona tangi la maji la Mirlinpa likichomoza juu ya vichaka pale Japangardi alipopunguza mwendo na kuzima muziki.

"Mbwa wako wapi?" aliuliza.

"Mbwa gani?"

"Ndiyo maana nauliza. Hapa gari hupokewa na mbwa kwanza, halafu watoto, halafu mashemeji wenye njaa. Leo sioni hata shemeji."

Sikuwahi kufika Mirlinpa. Nimeishi Alis Springs miaka mingi na njia za kusini nazijua, lakini barabara ile ya vumbi jekundu ilikuwa ngeni kwangu. Nilikuwa nimepata kazi ya wiki chache katika shule ya pale, na yeye alikuwa na onyesho jioni ile, basi akanipa nafasi kati ya gitaa na spika. Gari lake lilikuwa landikruza kuukuu, na kwenye milango yote miwili alikuwa amelichora jina lake la jukwaani kwa rangi ya njano, herufi ndefu kama mkono wa mtoto. Jina hilo sitaliandika. Namwita Japangardi, jina la ukoo wanalolibeba wanaume wengi wa Kiwarlpiri, wenyeji wa jangwa hili la Australia, ambalo halimuumizi mtu.

Alizaliwa kwenye ranchi ambako baba yake alichunga ng'ombe wa wenyewe. Gitaa lake la kwanza lilikuwa na nyuzi za mshipi wa kuvulia samaki, na nyimbo alizitoa kwenye redio ya mpishi. Baadaye akaongeza vichekesho. Alimwigiza muuguzi, polisi na mwenye duka, na mwisho wa yote alipanda farasi asiyekuwepo, akaangushwa naye, akamwomba radhi. Watu walicheka mpaka wakalala chini. Kila kijiji cha jangwani kina kijana au wawili wenye jina lake, kwa sababu mama zao walimtazama wakiwa na mimba.

Njia nzima alinisimulia kuhusu kalenda. Zamani kazi yake ilikuwa kubahatisha. Alituma salamu kwa watu wa mpira, akaendesha kutwa nzima, akafika na kukuta kijiji kizima kimehamia kwenye mashindano mahali pengine, amebaki mzee mmoja amelala kivulini.

"Nilimwimbia," alisema. "Nyimbo zote. Hakuamka, lakini pia hakulalamika."

Mwaka uliopita mpwa wake, Nangala, anayesoma mjini, alimfungulia kalenda kwenye mtandao. Siku zilizo wazi huonekana kijani. Kijiji huchagua siku, na kalenda yenyewe huwapigia simu wote waliojiandikisha, mara moja asubuhi ya onyesho na mara nyingine saa moja kabla halijaanza. Kutumia sauti yake kulikuwa wazo la Japangardi mwenyewe. Wazee hawasomi ujumbe, alimwambia Nangala, basi weka sauti yangu, na nilitaje jina langu mara tatu wasidhani ni polisi. Kisha akatangaza kwamba kila aliyejiandikisha ataingia kwenye bahati nasibu ya katoni ya mikia ya kangaruu. Mirlinpa nzima ikajiandikisha.

"Tazama," alinionyesha simu kabla mtandao haujatutoka. "Hakuna kijani mpaka mwisho wa msimu wa mpira. Mimi sasa ni kama daktari wa meno."

Tuliingia kijijini. Duka lilikuwa limefungwa. Mbele ya nyumba moja magodoro yalikuwa yametupwa nje, na ua wote ulikuwa umefagiliwa kwa matawi, hata unyayo mmoja wa aliyeishi humo haukubaki. Japangardi aliuona ua ule, akakanyaga breki, akaondoa mikono kwenye usukani kana kwamba umemchoma.

"Msiba," alisema.

Hatukushuka. Kwenye msiba huingii, unafuatwa. Ng'ambo ya kiwanja cha mpira tuliona vibanda vya turubai na watu wengi wamekaa chini, na kilio cha wanawake kilitufikia kikipanda na kushuka. Mtu mmoja aliachana na kundi, akaja kwa haraka, kifua kimepakwa udongo mweupe, blanketi mkononi. Alikuwa Jampijinpa, kaka wa mke wa Japangardi. Hakusalimu. Alilitupa blanketi juu ya mlango wa dereva, akalifunika lile jina, akalibana kwa kioo.

"Shuka upande wa pili, shemeji. Na huko nako upake tope."

"Ni nani?"

"Mtoto wa Nungarrayi. Yule hodari wa mpira." Akaelekeza midomo kwenye blanketi. "Yule mliyeshirikiana naye jina."

Japangardi alichuchumaa kwenye kivuli cha gurudumu. Aliufahamu uso wa kijana yule. Alikuwa amembeba jukwaani akiwa mchanga.

"Gari lilipinduka Jumatatu," Jampijinpa alisema. "Tukalifunga jina, lisitamkwe. Mwenye jina hilo yeyote sasa ni Kumanjayi. Picha tumezitoa ukutani, nyimbo zako tumezinyamazisha. Leo asubuhi tumekaa, Nungarrayi yuko katikati ya wanawake, simu zikalia. Zote, shemeji! Tukasema ni hospitali, ni habari za mwili. Tukapokea."

"Sauti yangu," alisema Japangardi.

"Ikiita. Mara tatu. Simu nyingine zilichelewa kidogo, kwa hiyo lilipoishia huku lilianzia kule. Wewe umefika kabla ya gari lako, shemeji."

Japangardi aliuziba mdomo wake kwa kiganja.

"Na Nungarrayi?" aliuliza.

"Hasemi tangu Jumatatu, anatumia mikono tu kama wafiwa wote. Aliposikia jina, aliinuka. Akageuka akatazama barabara. Alidhani mwanawe anakuja." Jampijinpa alijifuta uso, na udongo mweupe ukachanganyika na machozi. "Lakini imekwisha. Si imekwisha?"

Japangardi alilitazama jua.

"Kuna nyingine," alisema. "Kabla ya onyesho."

"Umesemaje?"

"Zimeni simu."

"Tuzime vipi, wewe? Shangazi zake wako njiani. Hospitali haijasema mwili unaletwa lini. Nani atazima? Izuie wewe, ni mdomo wako!"

Karibu na duka kulikuwa na mnara wa simu. Japangardi alisimama chini yake akampigia mpwa wake, akiwa ameiweka simu mbali na sikio kama kitu kinachoweza kumng'ata, nami nikasikia yote.

"Mjomba! Umefika? Wamejaa?"

"Nangala, iondoe Mirlinpa kwenye kalenda. Sasa hivi."

"Kuna nini? Nikiiondoa, itawapigia kuwaambia imeondolewa."

"Kwa sauti ya nani?"

"Yako. Tulirekodi zote siku moja, umesahau? Ulikuwa unacheka."

Akamweleza. Upande wa pili nikasikia msichana akivuta pumzi.

"Badilisha sauti," alisema Japangardi.

"Sauti mpya inakubaliwa kesho yake, mjomba. Nilishajaribu." Akasita. "Kuna njia moja. Kuufuta ukurasa mzima. Lakini hapo zinaondoka tarehe zote. Vijiji vyote, namba zote za watu. Havirudi. Mwaka mzima tumejenga, mjomba, utarudi kuwaimbia wazee waliolala."

"Futa."

"Fikiri kwanza—"

"Nangala. Mama yake aliinuka akatazama barabara."

Tulimsikia akilia huku akibonyeza.

"Inaniuliza kama nina hakika," alisema.

"Iambie tuna hakika."

Japangardi aliitazama simu yake. Ukurasa uliokuwa umejaa sasa ulikuwa mweupe, na juu yake kulikuwa na swali moja: Jina lako nani? Akailaza kifudifudi kwenye kiganja.

Hatukujua kama imetosha. Jampijinpa alitupeleka hadi pembeni ya turubai. Simu zilikuwa zimewekwa juu ya shuka moja, nyingi, kila mtu akiwa amezikazia macho. Nungarrayi alikaa amenyoa kichwa, mikono imelala mapajani. Jua lilishuka mpaka kwenye mguu wa tangi. Ilikuwa ndiyo saa yenyewe.

Simu moja ikalia.

Mwanamke mmoja alijitupa juu yake kwa mwili wake wote, kana kwamba ni moto. Ikaendelea kulia chini ya tumbo lake. Bibi mmoja akaichomoa, akaibonyeza, akaunyoosha mkono mbali.

"Haloo? Kuna mtu?" ilikuwa sauti ya shangazi mwenye hasira. "Tumepasukiwa tairi huku kwenye geti la ng'ombe! Mbona hampokei? Leteni jeki!"

Hakuna aliyecheka. Watu walipumua tu, wote pamoja. Tulisubiri mpaka jua likagusa ardhi, na hakuna simu nyingine iliyolia.

Ndipo Japangardi alipokwenda kwa magoti mbele ya Nungarrayi, akainamisha kichwa. Nungarrayi alimpiga begani kwa ngumi, mara moja, kwa nguvu, kisha akamshika nywele, na wakalia wote wawili kwa sauti iliyonifanya nitazame chini. Baadaye mikono yake ilisema kitu, vidole vikikata hewa upesi.

"Anasema upeleke jeki," Jampijinpa alitafsiri. "Kisha uende nyumbani. Uso wako unamsumbua. Jina likifunguliwa, uje."

"Mwaka?"

"Miwili. Mitatu. Sisi tutajuaje?"

Japangardi alishusha begi langu mwenyewe. Tope kwenye mlango wa pili lilikuwa limeanza kukauka na kupasuka, na herufi moja ya njano ilionekana. Akatemea mate, akaifuta tena kwa kiganja.

"Sasa wakikutaka watakuitaje?" nilimuuliza.

"Kumanjayi. Kama yeye." Alipanda garini. "Watauliza, Kumanjayi yupi? Hapo itabidi mtu ajifanye anaanguka kwenye farasi."

Hakutabasamu. Aliwasha injini. Nungarrayi aliusikia mlio, akainuka katikati ya wanawake, akaitazama barabara mpaka vumbi likatua.