Chui Ambaye Kifimbo Hakikumgusa

Kanisani kwetu Makwale kulikuwa na picha ya zamani iliyoletwa na wamisionari, imebandikwa kwenye ubao. Moyo mkubwa mwekundu, ndani umejaa wanyama. Tausi majivuno, mbuzi uzinzi, nyoka wivu, chui mwenye nguvu anayeonea wanyonge. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini ile picha niliisoma nikaimaliza.

Aliyetufundisha, kwa kifimbo cha mwanzi, alikuwa mzee wa kanisa, mdogo wa marehemu mume wangu. Mume wangu alipokufa, shemeji akalitaka shamba la kakao. Miche ile nilimwagilia mimi, maji nikiyabeba kichwani. Nikakataa.

Jumapili iliyofuata akaniita mbele, akamgonga nyoka pale pichani kwa kifimbo.

“Mnamwona? Huyu hukaa ndani ya wajane wanaowaonea ndugu wa mume wivu.”

Toka siku hiyo hakuna aliyekuja kunisaidia kuvunja kakao. Hata maji ya kunywa kwangu waliyaogopa. Shemeji akahamisha mipaka, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia, akaondoka na jogoo wangu kwapani. Hao wawili ndio walioninyang'anya, na nitawataja mpaka nife.

Jumamosi moja ilikuwa zamu yangu kufagia kanisa. Nikaisogelea picha. Nyoka alikuwa amebaki tundu, ubao unaonekana. Mbuzi hana kichwa, maana huyo aligongewa wasichana miaka yote. Chui mzima, anang'aa, hata masharubu unayaona.

Kesho yake shemeji alipomaliza kugonga, nikasimama.

“Samahani, shemeji. Huyu chui mbona hatufundishwi?”

“Kaa chini, mama.”

“Basi niazime kifimbo nimfundishe mimi.”

Bibi mmoja mfinyanzi, aliyeolewa huku kutoka ziwani, akasema kule nyuma, “Mpe, baba. Au ni kifupi, hakifiki?”

Watu wakacheka. Shemeji akakibana kifimbo kwapani, akaanzisha wimbo.

Wiki iliyofuata ubao haukuwepo. Eti picha imechakaa. Imechakaa, ndiyo, lakini kwa nyoka na mbuzi.

Kakao anavuna yeye hadi leo. Njia yangu ya kisimani inapita kando ya shamba, na kila nipitapo nasimama, naweka ndoo chini, namtazama. Hanisalimu. Anashika panga lake, anajipenyeza kwenye migomba, polepole, mpaka simwoni.