Mtamba wa Shukrani

Siku ya wazazi shuleni kwetu Mukurweini, mwenyekiti wa wazazi alisimama akasema ana neno na mwalimu wa kemia. Mwalimu wa kemia ni mimi. Nikaukumbatia mkoba, maana ndani nilikuwa na barua ambayo sikuwa nimemwonyesha mtu.

Kituo kimoja cha kupima udongo, upande wa Nanyuki, kilikuwa kimenipa kazi ya utafiti. Mkuu wake alikuwa mama aliyekaribia kustaafu, mwanamke wa kwanza kuingia maabara ile bila ufagio mkononi. Siku ya mahojiano alinifungulia kabati la madaftari: udongo wa mashamba yanayouzunguka mlima, kaupima mwenyewe, miaka ile wenzake walipokuwa wakimtuma chai. "Nimengoja mwanamke wa kumwachia haya," akaniambia. "Hawa wanaume wangu wanasema mwandiko wangu ni mdogo, hawauoni." Nilirudi nyumbani nikiimba peke yangu barabarani. Tangu chuoni nilikuwa nikitamani kuuliza swali ambalo jibu lake haliko nyuma ya kitabu.

Lakini siri Mukurweini haikai. Nadhani mwenye bodaboda alijua kabla ya mwalimu mkuu.

"Mwarimu," mwenyekiti akaanza, "tumesikia ati unaenda kupima mchanga. Si hata hapa mchanga iko? Kabla ukuje, maabara ilikuwa stoo ya maharagwe. Sasa wasichana wetu wanaitwa university. Wazazi wamekaa chini, wakasema wewe si mgeni. Na mtu wa kwetu hukaa na ng'ombe."

Mtamba akaletwa, mweusi mwenye mabaka meupe, utepe shingoni, mimba kubwa. Akina mama wakapiga vigelegele vitano, idadi inayopigwa akizaliwa mtoto wa kiume, nijue nimepandishwa cheo. Mchungaji akaomba Mungu anifunge hapo kwa kamba za upendo. Nami, mjinga mimi, nikasema amina kwa sauti. Nilikuwa nalia kwa hasira, na wao wakapeana mikono wakidhani ni furaha.

Ungefanya nini? Ningekataa, ningekuwa yule punda ambaye fadhila zake ni mateke. Nikashika kamba.

Baada ya hapo siku zilinibana. Alfajiri nakata majani ya nepia ya ng'ombe, mchana nafundisha, jioni nakata tena. Kila mama aliyepita alisimama kwenye ua kuuliza, "Anakula?" Nilijua anachouliza ni kama bado nipo. Nikawa nawachukia watu wanaonipenda, na hilo lilinitia aibu kuliko yote. Barua ya kujiuzulu niliiandika mara nne na mara nne nikawashia jiko.

Siku ya kuripoti Nanyuki ilifika, na alfajiri ile ile ng'ombe akazaa. Saa nne simu ikalia: yule daktari wa udongo, mkuu wa kituo.

"Mwalimu, uko wapi?"

"Daktari, ng'ombe amezaa."

"Nimewahi kuambiwa mume amekataa," akasema. "Nimeambiwa mtoto ni mgonjwa, nimeambiwa mama mkwe amekuja. Ng'ombe ndiye wa kwanza."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Hana mtu mwingine wa kumkamua?"

Jirani yangu alikuwa amesimama pale pale na ndoo yake. Mara mbili asubuhi hiyo alikuwa amesema, "Wewe enda, mimi nitamwangalia."

"Yupo," nikasema.

"Basi nani amekukataza?"

Nilitafuta mtu wa kumtaja. Mwenyekiti? Hakunikataza. Mwalimu mkuu alikuwa amesema niende tu nikitaka, ingawa alisema bila kuniangalia. Sikuwa na mume wa kumsingizia. Nilikuwa naogopa tu, naogopa watakavyoniita nikishapita kona ile ya soko.

"Hakuna," nikamjibu.

"Hata mimi hakuna aliyenikataza, mwalimu. Ndiyo maana nilichelewa sana kutoka nyumbani." Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, "Gari bado ziko. Nitakungoja hadi jioni, kabati liko wazi."

Alingoja kweli. Najua, kwa sababu saa kumi na mbili simu ililia tena mfukoni mwangu. Nilikuwa nimechuchumaa nakamua, mikono yote miwili imeshika, nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza.