Alhamisi Zetu Kwenye Mikoko

Wenzangu mliokwenda shule na fagio mkono huu na kidumu cha maji mkono huu, njooni tukumbushane. Sisi wa Dunda, hapa Bagamoyo, tulifika asubuhi miguu imelowa umande, tukafagia uwanja mpaka vumbi likatuingia masikioni, tukakimbia mchakamchaka, ndipo tukaingia darasani kubanana kwenye madawati. Mapumziko ni mihogo ya kukaanga na chachandu, au embe mbichi za chumvi na pilipili, za kukutoa machozi. Halafu rede, kukwepa mpira wa matambara, mpaka mwalimu wa zamu aje na fimbo. Watoto wa leo ukiwatajia rede wanakuuliza inapakuliwa wapi.

Lakini kwangu mimi utamu wote ulikuwa Alhamisi. Tulipoingia darasa la tano tuliletewa mwalimu mpya wa sayansi, Mwalimu Mwajuma, binti mfupi kutoka Lugoba, huko mbali na bahari, mwenye sauti ya muuza samaki. Siku ya kwanza alichora mti wa mkoko ubaoni. Akautazama, akatutazama sisi, akaangua kicheko. "Jamani, mikoko yenyewe ile pale nyuma ya shule, mimi nahangaika na chaki ya nini? Vueni viatu twende." Wenye viatu wakavua. Wengi wetu hatukuwa na cha kuvua.

Tangu hapo, kila Alhamisi ambayo maji yamekupwa, sayansi ilikuwa mikokoni. Tope linakunyonya mguu mpaka gotini, linanuka yai viza, na sisi tunaliona tamu! Kaa wenye gando moja kubwa walikuwa wakitupungia, tukikaribia wanatumbukia mashimoni. Tulishika mizizi, tulinusa maua, tulibishana na mwalimu na hakuna aliyechapwa. Mimi niliyekuwa nasinzia darasani, huko nilikuwa wa mbele.

Tatizo lilikuwa mama yangu. Maji ya magome ya mkoko yakishika shati jeupe hayatoki, na mama ndiye aliyefua. "Hili shati au dekio?" aliniuliza kila wiki. "Na huyo mtu wa Lugoba atakufundisha nini cha pwani, wewe uliyezaliwa pwani?" Nilicheka kimoyomoyo, mpaka siku moja alipoacha kufoka, akakaa chini karibu na beseni. Yeye alitolewa shule akiwa mdogo ili alee wadogo zake. Akasema taratibu, "Mimi dawati nililiona kwa wenzangu. Wewe unalo, unaliacha tupu ukachezee tope? Likizo ikifika unakwenda kwa shangazi yako Dar. Huko wanasomea ndani."

Nililia, jamani. Shangazi nilimpenda, lakini Alhamisi zangu je? Na mama akishasema, amesema.

Alhamisi iliyofuata aliamua kwenda kumwambia mwalimu ukweli wake kabla hajanihamisha. Akakuta darasa jeupe, akaelekezwa mikokoni. Nilimwona kwa mbali anakuja, kajifunga kibwebwe, kandambili mkononi. Mwalimu Mwajuma, maskini, akamwahi, "Shikamoo mama!" Mama akaitikia marahaba kwa mazoea, na ukishamwitikia mtu marahaba kwa uzuri, ugomvi unakuwa mgumu kuuanza. "Karibu mama, keti hapo kwenye gogo, ndiyo kwanza tunaanza." Akaketi, uso umekunjamana, anasubiri kipindi kiishe aseme yake.

Mwalimu akaendelea kutueleza jinsi mikoko inavyoishi baharini. Mara nikasikia wenzangu wananong'ona. Nikageuka. Mama yangu alikuwa amenyoosha kidole juu, kama sisi, mkono umenyooka kabisa.

"Samahani mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia nyumbani. "Mimi mchicha wangu ukipata maji ya chumvi kidogo tu, unakufa. Huu mti unakunywa bahari mchana na usiku. Mbona haufi?"

Mwalimu Mwajuma akapiga makofi. "Hilo ndilo swali! Hawa wote hakuna aliyeniuliza. Mama, chuma jani la huo mkoko uitwao mchu, ulio nyuma yako, ulilambe." Mama akalichuma, akalilamba, akaruka. "Lina chumvi!" Mwalimu akaeleza kuwa mchu unanyonya maji ya bahari, na chumvi usiyoitaka unaitoa kwenye majani, kama sisi tunavyotoka jasho. Darasa zima tukavamia majani, tunalamba kama mbuzi. Mama alikuwa anacheka. Alishika lile jani mpaka tunafika nyumbani, akamwambia baba, "Mti unatoka jasho, wewe, hujui!" Habari ya Dar ikaishia hapo.

Na hakukoma. Alhamisi nyingi alikuja na kikapu, eti anatafuta chaza. Kikapu kilirudi kitupu. Baba alimtania kwamba mboga ya siku hiyo ni sayansi, naye alicheka tu, mama yangu, kwa furaha ambayo mpaka leo nikiikumbuka nafurahi.

Sasa mwanangu anasoma shule nzuri, sikatai. Ina marumaru, madawati ya kutosha, na mikoko wanaiona ukutani kwa rangi zote, bila tone la tope. Mwanangu akikanyaga mchanga anaulizia maji ya kunawa! Lakini anajua mambo mengi kuliko mimi nilipokuwa kama yeye, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Juzi nilikwenda kumchukua, nikaongozana na mama, ambaye sasa ni mzee wa mkongojo. Mlinzi akatuambia kwa heshima kuwa wazazi wanasubiri nje. Mama akasogea getini, akachungulia kwenye upenyo, akamuuliza mlinzi, "Mwanangu, leo huko ndani wanafundishwa nini?"

"Sijui, bibi," mlinzi akajibu. "Mimi nalinda tu."

Mama akabaki amesimama pale, sikio kalitega getini, mpaka kengele ikalia.